Kaka ameambiwa kuna upasuaji wa ubongo kwa ugonjwa wake. Je, ndiyo lobotomia ile ile?

Swali: Shikamoo daktari. Kaka yangu anateswa na mawazo yasiyomwacha tangu alipokuwa kijana. Ananawa mikono hadi inachubuka, usiku anaamka mara kadhaa kukagua mlango ambao ameshaufunga. Amebadilishiwa dawa mara nyingi. Sasa daktari bingwa ametaja kwamba watu wa hali yake wanaweza kufanyiwa upasuaji wa ubongo. Nilipotafuta habari nikakutana na lobotomia na picha za kutisha, nikasoma pia kwamba aliyeianzisha alipewa Tuzo ya Nobel. Mama amesema kichwa cha mwanawe hakiguswi. Naomba unieleze, ilikuwaje madaktari wakafanya mambo yale, na hiki cha leo kinatofautianaje?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hofu ya mama ina msingi, usimbishie. Upasuaji aliotajiwa kaka yako kwa ugonjwa wake, yaani ugonjwa wa mawazo na matendo shurutishi, si lobotomia, ule upasuaji wa zamani wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, ila umetoka katika ukoo ule ule, na ukoo huo una historia ambayo sisi madaktari wa akili tunapaswa kuisimulia bila kuificha. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu maswali mtakayomuuliza bingwa huyo yanatokana na historia hiyo moja kwa moja.

Wa kwanza kukata ubongo wa mtu kwa kusudi la kutibu maradhi ya akili, katika tiba ya kisasa, alikuwa Gottlieb Burckhardt, msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Préfargier karibu na Neuchâtel, Uswisi. Hakuwa daktari wa upasuaji. Kuanzia mwaka 1888 aliwafungua vichwa wagonjwa sita na kuondoa vipande vya gamba la ubongo, akiamini kwamba akipunguza sehemu zinazohusika na usemi na usikivu, kelele na sauti wanazosikia zitapungua. Mmoja alikufa siku chache baadaye, wengine wakapata kifafa. Alipowaeleza wenzake mjini Berlin mwaka 1890 walimpokea kwa ubaridi mkubwa, akaachana na kazi hiyo. Hebu shika jambo moja hapa: Burckhardt mwenyewe aliona amefaulu kwa baadhi yao, kwa kuwa walikuwa wametulia kuliko mwanzo.

Neno hilo, kutulia, ndilo lililoharibu kila kitu baadaye.

Wazo lililala kwa miaka zaidi ya 40. Katika muda huo hospitali za wagonjwa wa akili Ulaya na Marekani zilizidi kufurika. Watu waliingia wakiwa vijana na kutoka wakiwa maiti. Hakukuwa na dawa hata moja ya kutuliza skizofrenia. Kulikuwa na mikanda ya kufungia watu, maji ya baridi na vyumba vya kufungia. Madaktari wakawa wanajaribu chochote. Julius Wagner-Jauregg wa Vienna aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa waliopooza na kurukwa na akili kwa sababu ya kaswende, ili homa iue vimelea, na mwaka 1927 akapewa Nobel kwa hilo. Manfred Sakel aliwazimisha wagonjwa kwa insulini. Ladislas Meduna aliwapa dawa ya kuwatia degedege. Mwaka 1938 Waitaliano Cerletti na Bini wakaanza kutumia umeme, na hiyo ndiyo pekee katika kundi hilo ambayo imebaki, ikiboreshwa sana, hadi leo. Nakutajia haya ili uone kwamba lobotomia haikuangushwa kutoka mbinguni na mtu mmoja katili. Ilizaliwa mahali ambapo kila aliyekuwa na ujasiri wa kujaribu aliitwa mkombozi.

Agosti 1935 wataalamu wa neva walikutana London. John Fulton na Carlyle Jacobsen wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza habari za sokwe wawili, Becky na Lucy, walioondolewa sehemu ya mbele ya ubongo. Becky, ambaye zamani alipandwa na hasira kali kila alipokosea jaribio, baada ya kukatwa hakujali tena. Hilo ndilo lililokumbukwa. Lucy, aliyekuwa mpole, yeye alianza kuwa na hasira baada ya kukatwa, na hilo halikumkaa mtu akilini. Ukiniuliza mimi, historia yote ya lobotomia imo humo: walimhesabu mtulivu mmoja, wakamsahau aliyeharibika.

Kwenye mkutano huo alikuwepo Egas Moniz wa Lisbon, Ureno. Alikuwa karibu kutimiza miaka 61, amewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, na tayari alikuwa na jina kubwa kwa sababu mwaka 1927 alibuni njia ya kupiga picha za eksirei zinazoonyesha mishipa ya damu ya ubongo, uvumbuzi wa kweli ambao warithi wake bado wanautumia. Alikuwa na nadharia kwamba mgonjwa wa akili ana mawazo yaliyoganda katika nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na kwingineko, kwa hiyo ukizikata nyuzi hizo, mawazo yatalazimika kupita njia mpya. Ushahidi wa nadharia hiyo haukuwepo. Tarehe 12 Novemba 1935, miezi mitatu tu baada ya London, mgonjwa wa kwanza alitobolewa fuvu matundu mawili na kuchomwa sindano ya alkoholi ili kuua nyuzi. Aliyeshika vifaa alikuwa Pedro Almeida Lima, kwa sababu mikono ya Moniz ilikuwa imeharibiwa na jongo. Baadaye wakaacha alkoholi, wakatengeneza chombo chembamba chenye kitanzi cha waya ambacho kikizungushwa ndani ya ubongo hukata kiduara cha nyuzi. Upasuaji huo Moniz aliuita lukotomia.

Mwaka 1936 akatangaza matokeo ya wagonjwa 20: saba wamepona, saba wamepata nafuu, sita hawakubadilika. Hakuna aliyekufa. Zilisikika kama habari njema sana. Lakini angalia zilivyopatikana. Wagonjwa walifuatiliwa kwa muda mfupi mno, baadhi yao kwa wiki chache tu, na aliyetoa hukumu kwamba fulani amepona alikuwa yule yule aliyetaka wapone. Mkuu wa hospitali iliyompa wagonjwa, José Sobral Cid, aliwaona baada ya upasuaji, akasema wamedidimia utu wao, akakataa kutoa wengine. Sauti yake haikuvuka mipaka ya Ureno. Ya Moniz ilivuka.

Mwaka huo huo, mwezi Septemba, Walter Freeman na James Watts wa Washington walifanya upasuaji wa kwanza wa aina hiyo Marekani na kuupa jina la lobotomia. Watts alikuwa daktari wa upasuaji. Freeman alikuwa mtaalamu wa neva asiye na mafunzo ya upasuaji. Mara nyingi mgonjwa alitiwa ganzi ya kichwa tu, akabaki macho. Waliendelea kumsemesha, kumwambia aimbe au ahesabu, huku wakikata. Alipoanza kuchanganyikiwa, walijua wamefika.

Novemba 1941 walimfanyia Rosemary Kennedy, dada wa John F. Kennedy ambaye baadaye angekuwa rais. Alikuwa na miaka 23, mzito kidogo wa kujifunza, na katika miaka ya karibuni alikuwa amekuwa mwepesi wa hasira. Baba yake ndiye aliyeamua. Alitoka chumba cha upasuaji akiwa hawezi kutembea wala kusema, na ingawa alirudishiwa kiasi kwa mazoezi ya muda mrefu, aliishi katika uangalizi wa wengine mpaka alipofariki mwaka 2005. Familia ile ilikuwa na fedha, elimu na madaktari bora wa zama zake, na bado hakuna aliyemuuliza msichana mwenyewe.

Kisha likaja lile lililokutisha kwenye picha. Freeman aliona lobotomia inachukua muda mrefu na inahitaji chumba cha upasuaji, wakati hospitali zilizojaa hazina madaktari wa upasuaji. Mwitaliano Amarro Fiamberti alikuwa tayari ameonyesha kwamba ubongo unafikika kupitia tundu la jicho. Januari 1946, ofisini kwake, Freeman alimpiga mgonjwa shoti ya umeme ili apoteze fahamu, akainua kope, akapitisha chuma chembamba chenye ncha juu ya mboni, akakigonga kwa nyundo ndogo mpaka kikatoboa mfupa mwembamba wa paa la jicho, halafu akakiyumbisha. Majaribio yake ya mwanzo aliyafanya kwa chuma cha kawaida cha kuvunjia barafu. Kazi nzima ilichukua dakika chache, na mgonjwa aliondoka na macho yaliyovilia damu. Watts alipinga, akisema upasuaji wa ubongo haupaswi kufanywa namna hiyo, na ushirikiano wao ukavunjika. Freeman akaingia barabarani, hospitali hadi hospitali, akiwafundisha madaktari wengine. Mwaka 1952 katika jimbo la West Virginia aliwafanyia watu 228 kwa muda wa wiki kama mbili.

Sasa jibu la swali lako kuhusu Nobel. Moniz aliipata mwaka 1949, akigawana na Walter Hess wa Uswisi aliyekuwa na kazi nyingine kabisa. Waliompa walikuwa watu makini. Waliamini takwimu zilizochapishwa, nazo takwimu zilisema kwamba wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele na kuvunja vitu sasa wamekaa kimya, wengine wamerudishwa nyumbani. Kwa hospitali yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa mia, ukimya ni nafuu. Kwa mkurugenzi, kitanda kilichoachwa wazi ni nafuu. Kwa jamaa, ndugu asiyepiga watu ni nafuu. Ila mgonjwa mwenyewe hakuwa na safu yake kwenye jedwali. Hakuna aliyepima kama bado anapenda kitu, kama anaweza kupanga kesho yake, kama anacheka kwa sababu kuna cha kuchekesha. Sehemu ile ya mbele ya ubongo ndiyo inayofanya kazi hizo. Ukiikata, wasiwasi hupungua kweli, kwa sababu na ule uwezo wa kuwaza yajayo umepungua.

Utasikia pia hadithi kwamba Moniz alipigwa risasi na mtu aliyemfanyia lukotomia. Ni kweli alipigwa risasi na mgonjwa mwaka 1939, akanusurika. Aliyempiga hakuwa amefanyiwa upasuaji huo. Nalisahihisha kwa sababu historia hii ni nzito vya kutosha bila kuongezewa chumvi.

Marekani peke yake watu zaidi ya 40,000 walifanyiwa, Uingereza takriban 17,000, na nchi za Skandinavia zilifanya nyingi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wao. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Watoto pia walifanyiwa. Howard Dully, aliyekuja kusimulia maisha yake hadharani akiwa mtu mzima, alifanyiwa na Freeman mwaka 1960 akiwa na miaka 12, baada ya mama yake wa kambo kulalamika kwamba ni mtundu na mkaidi. Umoja wa Kisovyeti ulipiga marufuku lobotomia mwaka 1950. Kwingineko haikukomeshwa na sheria wala na majuto, ilikomeshwa na kidonge: klopromazini, iliyojaribiwa Paris na Jean Delay na Pierre Deniker mwaka 1952 na kuruhusiwa Marekani mwaka 1954. Mgonjwa akaweza kutulizwa bila kukatwa, na dawa unaweza kuiacha. Freeman aliendelea hadi Februari 1967, mgonjwa wake wa mwisho alipokufa kwa kuvuja damu kichwani.

Mama yako angependa hadithi iishie hapo. Lakini katika maelfu yale walikuwemo wachache, hasa wenye sonona kali au wasiwasi wa kupindukia, ambao walipata nafuu halisi na kuisema wao wenyewe. Madaktari waangalifu wakajiuliza: je, inawezekana kugusa kidogo tu, mahali panapohusika, bila kubomoa kila kitu? Mwaka 1947, huko Philadelphia, Ernst Spiegel na Henry Wycis walitengeneza fremu inayofungwa kichwani na kumwongoza daktari hadi nukta maalumu ndani ya ubongo kwa vipimo vya milimita. Waliibuni wakiwa na nia hiyo hasa, kuachana na lobotomia. Lars Leksell wa Stockholm akabuni fremu yake, kisha mashine ya kuelekeza miale ya gama nukta moja bila kufungua fuvu. Kutokana na fremu hizo zikaja kapsulotomia na singulotomia, ambazo huunguza eneo dogo kwenye nyuzi chache zilizochaguliwa. Hizi bado zinafanyika katika vituo vichache duniani, na zinafanywa zaidi kwa ugonjwa kama wa kaka yako.

Usahihi wa chombo haukuondoa hatari ya matumizi mabaya. Katika miaka ya 1960 na 1970 kule Ujerumani Magharibi wanaume walichomwa sehemu ya ubongo ili wabadilishwe mapenzi yao ya jinsia moja. Marekani, madaktari Vernon Mark na Frank Ervin walipendekeza kwamba ukatili wa watu fulani una chanzo ndani ya ubongo kinachoweza kukatwa, na hayo waliyaandika wakati miji ikiwaka moto kwa ghasia za ubaguzi wa rangi, kwa hiyo watu waliogopa kwa haki kabisa. Mwaka 1973 mahakama ya Michigan, katika kesi ya Kaimowitz, iliamua kwamba mtu aliyefungiwa hospitalini kwa lazima hawezi kutoa ridhaa ya kweli ya upasuaji wa majaribio wa aina hiyo, kwa sababu anayeombwa akubali anajua kwamba uhuru wake uko mikononi mwa anayemwomba. Naiheshimu sana hukumu hiyo. Uingereza iliweka katika sheria yake ya mwaka 1983 kwamba upasuaji huu hauwezi kufanywa bila ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, pamoja na uthibitisho wa jopo huru. Ndugu hana mamlaka ya kumsemea.

Sasa tufike kwa kaka yako. Nadhani bingwa anazungumzia ama kapsulotomia, ama kichocheo cha umeme cha ndani ya ubongo. Hicho cha pili kilitokana na tiba ya mitetemeko: Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987 aligundua kwamba mkondo wa umeme wa kasi unaopita kwenye elektrodi ndani ya ubongo huzima tetemeko bila kuunguza chochote. Mwaka 1999 Bart Nuttin na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, wakakitumia kwa wagonjwa wanne wa mawazo na matendo shurutishi. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ikakiruhusu kwa ugonjwa huo kwa masharti maalumu. Waya mbili nyembamba huingizwa, moja kila upande, na kuunganishwa na betri iliyofukiwa chini ya ngozi ya kifua. Kinacholengwa ni mzunguko unaotoka sehemu ya mbele ya ubongo, ukapita viini vya ndani na talamasi, kituo cha kupokezana habari katikati ya ubongo, ukarudi. Kwa mtu kama kaka yako mzunguko huo hauzimi. Mlango umefungwa, macho yameona, lakini ile hisia ya kwamba jambo limekwisha haiji.

Kilichonivutia mimi zaidi katika tiba hii ni kwamba inaweza kuzimwa. Kwa mara ya kwanza katika historia yote niliyokusimulia, unaweza kuwasha kifaa kwa mgonjwa mmoja na kukiacha kimezimwa kwa mwingine, huku wagonjwa na wanaowapima wote hawajui. Kipimo hicho kilionyesha makali yake kwenye sonona. Mwaka 2005 Helen Mayberg na Andres Lozano wa Toronto walitangaza matokeo ya kutia moyo kwa wagonjwa sita. Majaribio makubwa yalipofuata, waliowashiwa na waliozimiwa walipata nafuu inayolingana katika miezi ya mwanzo, na jaribio likasimamishwa. Hivyo kwa sonona bado ni utafiti. Moniz, mbele ya wagonjwa 20, angetangaza ushindi. Kwa mawazo shurutishi hali ni bora: majaribio ya kuwasha na kuzima yameonyesha tofauti ya kweli, na kama nusu ya wanaowekewa au zaidi kidogo hupata nafuu ya maana. Nafuu hiyo huja kwa miezi, baada ya kurekebisha mkondo mara nyingi, na haina maana kwamba ugonjwa umeisha. Hatari zipo pia: kuvuja damu, maambukizi, degedege, na wengine hupandwa na furaha isiyo ya kawaida mkondo ukizidi. Betri hubadilishwa kwa upasuaji mdogo.

Kabla hamjaongea habari ya kichwa, hakikisheni jambo ambalo husahaulika mara nyingi. Vituo vizuri havimpokei mtu ambaye hajajaribu angalau dawa tatu za kundi linalofanya kazi kupitia serotonini, kemikali ya ubongo, kwa dozi kamili, kila moja kwa wiki 12 hivi, klomipramini ikiwemo, kisha akaongezewa dawa nyingine juu yake. Kubadilishiwa dawa mara nyingi si sawa na kuzitumia ipasavyo. Wengi huachishwa kabla hazijafika dozi ambayo ugonjwa huu unaihitaji, iliyo kubwa kuliko ya sonona. Na muhimu kuliko zote, awe amepitia tiba ya kukabili hofu bila kutenda: anashika kitasa, hanawi, anakaa na wasiwasi mpaka ushuke wenyewe, akisaidiwa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Kama hajawahi kupewa tiba hiyo, upasuaji haujafika zamu yake.

Kama yote amepitia, muulizeni bingwa anataka kufanya kipi kati ya viwili hivyo, maana kichocheo kinaweza kuzimwa na hata kuondolewa, ilhali eneo lililounguzwa halirudi. Muulizeni ni wagonjwa wangapi wa ugonjwa huu, si wa mitetemeko, ambao kituo kimewafanyia, na nani huwapima baada ya hapo. Asiwe daktari yule yule aliyewapasua. Muulizeni watapima nini zaidi ya idadi ya kunawa: usingizi, kazi, kumbukumbu, na kama kaka bado anajiona ni yeye. Mrekebishaji wa mkondo atakuwa nani baada ya mwaka mmoja, na betri italipiwa na nani. Mama naye aje kikaoni na aulize la kwake.

Ridhaa ni ya kaka peke yake, bila kushinikizwa na mtu wa nyumbani aliyechoka na maji kumwagika usiku, na anaweza kuiondoa hata asubuhi ya upasuaji, kabla hajapewa nusukaputi.